Kijivu Si Rangi Yangu

Dawati la mbele, upande wa dirisha,
Jumatatu, wakati wenzangu wako uwanjani.

Kwa Mwalimu wa Ushauri Nasaha,
Chumba kilichokuwa stoo ya mipira.

Nakala: Mkuu wa Shule.

KUHUSU: KUPEWA RANGI YA KIJIVU NA KUITWA KWENYE MAHOJIANO YA ALHAMISI

Mwalimu wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii imekufikia bila kuchanika, maana naipitisha chini ya mlango. Ningeweza kugonga, na asubuhi nilijaribu. Mkono ulifika hadi karibu na mbao, ukasita, ukarudi mfukoni wenyewe.

Mimi ni yule mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye wenzake humwita Kamusi. Kama sura yangu haikujii, usijilaumu; mwalimu wa hesabu amenifundisha muda mrefu na bado huniita “wewe wa dirishani”. Lakini mdahalo wa mwezi uliopita utaukumbuka, kwa sababu ni wewe uliyenikabidhi cheti cha Msemaji Aliyeboreka.

Naandika kulalamika, jambo ambalo sina uzoefu nalo. Niliwahi kukalia kiti chenye msumari muhula mzima kwa kuogopa kumsumbua fundi, nikawa nabadilisha tu upande wa kukalia. Ukiona mtu wa namna hiyo ameshika kalamu kulalamika, ujue maji yamemfika shingoni.

Jambo lenyewe unalijua, ila nitalieleza kwa utaratibu. Wiki iliyopita shule ililetewa vishikwambi, vikapangwa kwenye meza za maktaba, kila kimoja na hedifoni zake. Kila mwanafunzi alipaswa kukaa peke yake na kujibu maswali kuhusu pombe, sigara, bangi na dawa anazotumia. Kishikwambi kinauliza, kinasikiliza, kinapima chenyewe, kisha kinatoa rangi. Paredini tuliambiwa kwamba kijani ni mzima, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni wa kusaidiwa. Kijivu hakikutajwa. Mimi nikapata kijivu, na chini yake maneno haya: “Majibu ya mwanafunzi huyu hayaaminiki.” Kesho yake ukabandika tangazo kwamba wote waliopata kijivu waje chumbani kwako Alhamisi baada ya masomo, wajibu maswali yale yale kwa mdomo, ana kwa ana. Nakushukuru kwa kuandika “wote”. Shule nzima niko peke yangu.

Naomba mambo mawili. Kwanza, itambulike kwamba mimi si mwongo. Pili, jibu langu la swali la kumi na mbili lihesabiwe kuwa ni uongo. Najua maombi haya mawili hayakai vizuri kwenye chumba kimoja, lakini nimeyatafakari na nayataka yote. Yakikubaliwa, hakutakuwa na haja ya mahojiano, nami Alhamisi nitakwenda zangu nyumbani. Sababu zangu ni hizi:

1. Kishikwambi kiliniita rafiki kabla hatujafahamiana. Nilikaa kwenye meza ile ile ninayosomea kila siku, nikavaa hedifoni, na sauti ya mwanamke, laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, ikasema: “Karibu, rafiki. Usiwe na haraka. Hakuna anayekusikia.” Niligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Hadi tunafika mwisho, sauti ile ilikuwa imeniita rafiki mara nyingi kuliko darasa zima tangu nihamie hapa. Huko ni kumvizia mtu. Mimi nimezoea kuitwa ili niulizwe neno fulani maana yake nini. Ukiniita rafiki kwa sauti ya namna ile, nitakiri hata makosa ya babu yangu. Naomba iwekwe sauti kali, kama ya mwalimu wa zamu, ili watu tuweze kujilinda.

2. Tuliambiwa hakuna jibu sahihi wala jibu lisilo sahihi. Mwalimu, mimi sina mbio, sina sauti ya kuimba, na nikicheza muziki watu huuliza kama nimeumwa na kitu. Nilichonacho ni majibu sahihi. Ukiniondolea hayo, nabaki na sare ya shule tu. Tena machaguo yenyewe yalikuwa “Sijawahi”, “Mara chache”, “Mara kwa mara” na “Mara nyingi”. Mara kwa mara inaishia wapi, na mara nyingi inaanzia wapi? Niliinua mkono kumwuliza mkutubi, akaja akanong’ona, “Bonyeza tu mwanangu, foleni hiyo inafika nje.” Nikabonyeza tu, kinyume na malezi yangu.

3. Swali la tisa liliuliza kama huwa natumia kitu chochote nikiwa peke yangu. Sikuelezwa “kitu chochote” kina mipaka gani. Mimi hata chai hunywa peke yangu. Mpira wa wavu wenyewe niliwahi kuucheza peke yangu, yaani nilisimama uwanjani mchezo mzima na timu zote mbili zikadhani mimi ni wa upande wa pili. Swali la kumi likauliza kama rafiki au ndugu amewahi kuniambia nipunguze. Jirani yangu wa dawati, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, huniambia kila siku, “Kamusi, punguza kusoma bwana, utasahau kupumua.” Nikajibu ndiyo. Bibi naye huniambia nipunguze chumvi. Nikajibu ndiyo tena. Kufikia hapo nilikuwa nimeshajichafua vya kutosha, na sikuwa nimetaja kitu hata kimoja kibaya kuliko kitabu.

4. Swali la kumi na mbili sitalieleza. Nimeliweka hapa ili namba zisiruke. Nitasema tu kwamba nilikaa nalo mpaka kioo kikazima, nikakigusa kikawaka, na lenyewe bado lilikuwepo. Nilipolijibu, sauti ikasema, “Asante kwa kuniambia, rafiki.” Sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kunishukuru kwa kumwambia jambo. Kwa kawaida watu hunishukuru kwa kunyamaza. Nilijihisi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani na kugundua kwamba shingo yake bado inageuka.

5. Ndipo likaja swali la kumi na tatu: “Je, umewahi kutumia tabrelini?” Neno hilo sikuwahi kulisikia. Kishikwambi kilikuwa kimeniwekea chaguo la “Sijawahi kuisikia”, juu kabisa, kwa maandishi makubwa. Mtoto wa darasa la pili angelibonyeza na kwenda kucheza. Lakini mimi naitwa Kamusi. Kamusi haisemi haijawahi kusikia. Nikaona aibu mbele ya sauti iliyotoka kunishukuru sasa hivi, na nikatamani inishukuru tena. Nikabonyeza “Mara chache”.

Ningeishia hapo labda ningenusurika. Kikafunguka kisanduku: “Ilikufanya ujisikieje?” Mwalimu, nikionyeshwa nafasi ya kuandika siwezi kujizuia. Niliandika aya nzima. Nilisema tabrelini huleta wepesi wa kichwa unaofuatiwa na kiu, kwamba haifai kwa wenye matumbo dhaifu, na kwamba ya siku hizi haifikii ile ya zamani.

Baadaye ukaja darasani kutueleza, huku ukibana midomo usicheke, kwamba tabrelini haipo. Watungaji wa maswali wameibuni ili kuwanasa wanaojibu uongo, na anayekiri kuitumia majibu yake yote hutupwa. Yote, ulisema, hata yaliyokuwa ya kweli. Kwa hiyo hata la kumi na mbili limetupwa. Hilo kwangu ni jambo la faraja kubwa. Sielewi ni kwa nini nililia chooni baada ya kipindi chako; nadhani ni ile dawa ya kusafishia sakafu.

6. Tuliahidiwa siri, lakini rangi hujaza kioo kizima na kumulika mpaka kwenye rafu za jiografia. Redio, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alifanya kazi yake kama kawaida: “Jamani njooni! Kamusi kawa kijivu!” Mwingine akauliza kutoka mlangoni, “Kijivu ndiyo nini, kafa?” Nami nilikuwa nimekaa pale na hedifoni masikioni, nikijifanya bado nasikiliza.

Wakati huo huo Meneja alipata kijani. Namzungumzia yule kijana mrefu anayesimamia shughuli zote za moshi nyuma ya vyoo. Alibonyeza “Sijawahi” kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hedifoni hazijamkaa sawa, akapongezwa na sauti, akatoka akipiga mluzi. Sasa kila tukikutana ananipisha njia. Juzi alinivuta pembeni kwa heshima zote: “Dada, mimi nimeelewa. Wanasema haipo ili tusiitafute. Wewe unaitoa wapi?” Nilimwambia kweli haipo. Akatikisa kichwa kwa kunisifu, akasema, “Una siri, dada. Ndiyo maana umefika mbali.” Huyo ndiye mtu pekee shuleni anayeniamini, na ananiamini kwenye lile moja nililodanganya.

7. Siku ile ile ya kijivu, kabla hujatueleza, nilikuwa nimeshaitafuta tabrelini kwenye kila kitabu cha maktaba chenye neno “dawa” kwenye jalada, kikiwemo kimoja cha mifugo. Nilipoikosa nikaenda duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Muuza dawa alivua miwani. “Binti, nimeuza dawa tangu mama yako hajaolewa. Hiyo haipo. Nani kakutuma?” Nikasema ni mambo ya shule. “Siku hizi shule zinawatuma dawa zisizokuwepo?” Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kuhusu kikohozi cha bibi. Akasema kikohozi cha aina gani hiki kisichosikia dawa, na kwamba chupa nyingine hatanipa mpaka bibi aje mwenyewe amsikilize kifua. Hilo halihusiani na barua hii. Nimelitaja kwa ajili ya ukamilifu.

8. Jambo limefika nyumbani. Mama yangu ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo karakana yake. Ukutani, juu ya cherehani, kilichokuwa kikining’inia ni kalenda; sasa ni cheti chako. Hakuna mteja anayepimwa kiuno kabla hajakisoma. “Huyu alikuwa anasalimia wageni kupitia pazia,” mama huwaambia, pini zikiwa mdomoni, “siku hizi anasimama mbele ya shule nzima, sauti hata haitetemeki!” Bibi huitikia kutoka chumbani, kwa sauti safi kabisa isiyo na kikohozi, “Mwenyezi Mungu kamfungua ulimi.”

Juzi Redio alikuja kuchukua sketi yake iliyopunguzwa. “Mama hongera,” akasema, “Kamusi kapata kijivu, peke yake shule nzima!” Mama akafurahi. Akauliza kama kijivu nacho kina cheti, maana upande wa kushoto wa ukuta bado upo wazi. Mimi nikainama kuokota pini. Niliokota pini nyingi kuliko zilizokuwa zimeanguka.

9. Kwa sababu hizo, kama mahojiano ni lazima, napendekeza yawe ya maandishi. Ikishindikana, wewe ukae chumbani kwako nami nikae maktaba, mkutubi abebe maswali kwenda na majibu kurudi. Ikishindikana, tukae chumba kimoja ila nizungumze na ukuta, na wewe uvae hedifoni zenye muziki. Ikishindikana hata hilo, basi walimu nao wakalishwe mbele ya kishikwambi waulizwe ni vikombe vingapi vya kahawa huwatosha kabla ya kuingia kidato cha pili baada ya chakula cha mchana, na rangi zao zibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Lakini nikiendelea kufikiri, naona njia ya haki kuliko zote ni tabrelini itengenezwe. Haihitajiki nyingi. Chupa moja inatosha, ifungiwe kabatini mahali popote duniani, hata kama hakuna atakayeinywa. Nimeshaeleza inavyofanya kazi, kwa hiyo watengenezaji hawataanza na mikono mitupu. Aya yangu inaweza hata kubandikwa kwenye chupa. Siku hiyo neno litakuwa na kitu chake, jibu langu la kumi na tatu litasogea karibu na ukweli, kijivu kitafutwa, na sitalazimika kukaa kwenye kile kiti kinachotazamana na chako. Nimekichungulia dirishani. Viti vimekaribiana mno, ukutani bado kuna alama za mipira, na wewe utaniangalia kwa upole. Upole ndio unaonitisha. Mtu mkali ningemdanganya vizuri tu.

Natumaini malalamiko yangu yatashughulikiwa kabla ya Alhamisi. Nisalimie walimu wote, pamoja na wa hesabu, mwambie ni salamu kutoka kwa yule wa dirishani. Msalimie mlinzi wa geti ambaye huniitikia hata nisiposikika. Msalimie mkutubi, na umwambie kile kitabu cha mifugo nitakirudisha. Kama kishikwambi bado kiko ofisini kwako, kisalimie nacho, hatukuachana vizuri.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, mkweli kwa sehemu kubwa,

Kamusi.

TANBIHI: Utaona nimekata jina la Mkuu wa Shule kwenye nakala. Hii ni yako peke yako. Na haya ya juu, kuanzia namba moja hadi tisa, unaweza kuyaacha isipokuwa namba nne.

Swali la kumi na mbili liliuliza hivi: “Je, huwa unatumia dawa yoyote bila kuumwa, ili upate ujasiri au uwe sawa na wenzako?” Nilijibu “Mara nyingi”. Ndilo jibu lililonigharimu kuliko yote, na ni la kweli.

Bibi alipona kikohozi tangu mvua zilizopita. Dawa inayonunuliwa kwa jina lake naimeza mimi. Kilianza kuwa kijiko kabla ya mdahalo, kwa sababu niliona bibi akiinywa anatulia. Kikawa kijiko kabla ya kusoma kwa sauti darasani. Siku hizi ni kabla ya kuitika jina asubuhi, na si kijiko tena. Yule uliyempa cheti hakuwa mimi. Kila mama anapowasomea wateja wake, natamani kukishusha, na naogopa kwamba nikiacha ile chupa nitarudi nyuma ya pazia, na yeye ataona.

Muuza dawa kweli amekataa kunipa nyingine. Ndiyo maana leo nimeshindwa kugonga mlango wako. Huu mkono uliorudi mfukoni ndio wangu hasa.

Kwa hiyo, tafadhali, usiniandikie kijani. Kishikwambi nacho kisibadilishwe sauti. Kuna mwingine huenda anaisubiri. Alhamisi nitakuja. Nitakuja bila kunywa kitu, na huenda nisiweze kutoa neno hata moja. Wewe uliza la kumi na mbili tu, mara moja, halafu uangalie kwenye madaftari yako kwa muda. Nikiinamisha kichwa, ujue nimejibu.

Kisha, kama haitakuwa usumbufu, sema ile asante. Si lazima uongeze rafiki.